Tiketi ya Bibi Elieshi

Kila siku akitoka shule, Nashipae alifua soksi zake, akazianika uani, kisha akakaa kufanya kazi za shule kwenye meza ileile ambayo shangazi yake, Nkasiogi, alifanyia kazi zake za kompyuta. Waliishi Njiro, wao wawili. Shangazi alikuwa mtengenezaji wa programu, na majuma hayo alikuwa na kazi iliyomfanya asahau hata chai yake ikapoa: kuunganisha tovuti ya kutolea tiketi na mfumo mpya uitwao blokcheni.

"Ni kama daftari," alimweleza Nashipae, "ila daftari lenyewe limo kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Tiketi ikitolewa kwenye tovuti, inaandikwa humo papo hapo. Ikitumika mlangoni, nako kunaandikwa. Hakuna anayeweza kufuta kimyakimya."

Jaribio la kwanza lilipangwa kufanyika shuleni kwa Nashipae, Kimandolu, siku ya tamasha la kwaya. Tiketi zilikuwa za bure, lakini ukumbi ulikuwa na viti mia mbili tu. Mwaka uliopita watu walitoa fotokopi za kadi za mwaliko, ukumbi ukafurika, na wazazi wa wanakwaya wenyewe wakabaki nje. Tangu hapo mwalimu mkuu, Mwalimu Frederick, hakuamini kadi wala kompyuta, na hakumwamini sana Lesian, kijana aliyefanya kazi na Shangazi. Lesian hakuwa msemaji. Alikuja, akaunganisha nyaya zake, akainamia kompyuta.

Nashipae alipewa kazi ya kuwasajili wazee wasio na simu za kisasa. Aliandika jina kwenye kompyuta, akachapisha karatasi isiyo na jina, yenye alama ya mraba tu inayosomwa na simu, akampa mjukuu aipeleke nyumbani. Alhamisi mchana tiketi ziliisha. Ndipo rafiki yake Zakia alipomvuta pembeni.

"Nashi, nimekosa. Darasa zima litakuwa ndani, mimi peke yangu nje. Nifanyie mpango, basi."

Nashipae alitazama karatasi ya mwisho iliyokuwa mezani. Ilikuwa ya Bibi Elieshi wa Momela, bibi yake Ephraimu wa darasa la saba. Momela ni mbali, aliwaza. Kikongwe yule nani atamleta? Akabonyeza kuchapisha mara ya pili. Nakala moja akampa Ephraimu, nyingine Zakia.

Jumamosi Lesian alisimama mlangoni na simu ya kusomea tiketi. Zakia alipita mapema, simu ikawaka kijani. Ilipotimia saa nane, Nashipae akiwa hapo mlangoni anagawa ratiba, akamwona mama mmoja mzee akikata uwanja polepole, kitenge kimefungwa vizuri, viatu vimejaa vumbi. Karatasi yake aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi," Lesian alisema, akaisoma. Simu ikawaka nyekundu. Akajaribu tena. "Bibi, samahani. Inasema tiketi hii imeshatumika."

"Imetumiwa na nani? Nimeishika mimi tangu nyumbani."

Mama mmoja kwenye foleni akausogeza mkoba wake kifuani. Mtu nyuma akanong'ona, "Hata wazee siku hizi!"

Mwalimu Frederick alikuja mbio. "Ingia tu, mama. Tutakutafutia kiti."

"Siingii," Bibi Elieshi alisema, akakaa kwenye ngazi. "Watu wote hawa wamesikia kwamba nimekuja na karatasi ya uongo. Nikiingia sasa nitakuwa nimekubali."

Shangazi, aliyekuwa karibu na mlango, alifungua kompyuta palepale. "Nilichohofia ni pale mifumo miwili inapoungana," alisema. "Labda tovuti imetuma tiketi moja mara mbili." Akatafuta, akatafuta tena. "Hapana. Imetolewa mara moja, imeandikwa mara moja. Imetumika saa saba na nusu. Mfumo uko sawa."

"Basi kuna mtu hayuko sawa," Mwalimu Frederick alisema, akimkazia Lesian macho. "Nani anaweza kuchapisha tiketi hizi?"

"Mimi," Lesian alijibu. "Na dada Nkasiogi. Na Nashipae, kwa wazee tu."

"Nashipae, wewe umeona chochote?"

"Jana nilipoingia chumba cha kompyuta," alisema, "kaka Lesian aliifunga kompyuta yake haraka."

Ilikuwa kweli. Hakuongeza hata neno moja. Lakini aliona jinsi nyuso zote zilivyogeuka pamoja kumtazama Lesian.

"Kijana, nipe hiyo simu," Mwalimu Frederick alisema. "Ondoka hapo mlangoni."

Lesian alimkabidhi bila kubisha. Kisha akamtazama Nashipae, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta kitu usoni pake. Anajua, Nashipae aliwaza. Au ile kompyuta ndiyo inayojua.

"Shangazi," aliuliza kwa sauti ndogo, "humo inaonyesha nani alichapisha?"

"Haionyeshi. Tumeandika kutolewa na kutumika tu. Hilo ni kosa langu."

Kumbe alikuwa salama. Hakuna ambaye angejua, kamwe. Alisubiri moyo utulie, haukutulia.

Ndani wimbo wa kwanza ulianza. Ephraimu, ambaye angeimba peke yake katika wimbo wa tatu, alitoka akiwa na shati la kwaya, akamkuta bibi yake kwenye ngazi.

"Bibi, vipi? Wanasema tiketi yako..." Akasita. "Kwani ulimpa mtu ile karatasi?"

Bibi Elieshi aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mapajani, akatazama chini. Alikuwa amewavumilia wale wageni wote. Swali la mjukuu wake ndilo lililomwinamisha.

"Ni mimi," Nashipae alisema. Wa kwanza kumsikia alikuwa Lesian. Akarudia kwa nguvu, "Ni mimi! Nilichapisha nakala ya pili, nikampa Zakia. Nilidhani bibi hatafika."

Bibi Elieshi aliinua uso. "Ulidhani sitafika? Huyu mtoto nimemlea tangu hajaota meno."

"Nisamehe, bibi."

"Waambie na hao," bibi alisema, akionyesha foleni.

Nashipae akageuka, akawaambia, machozi yakimtiririka. Zakia, aliyeitwa kutoka ndani, aliacha kiti chake. "Hukuniambia ni ya mtu," alisema, akajitenga naye. Mwalimu Frederick akamrudishia Lesian simu na kumwomba radhi mbele ya watu. Lesian akamshika bibi mkono, akamwingiza hadi kwenye kiti chake. Dakika chache baadaye sauti ya Ephraimu ikapanda, safi, na Nashipae akaisikiliza akiwa nje.

Lesian alipotoka, Nashipae alimwomba msamaha.

"Nilifunga kompyuta kwa sababu ina namba za simu za wazazi," Lesian alisema. "Si za kuonwa na mtu mwingine. Ungeniuliza, ningekuambia." Hakutabasamu. Akarudi kazini.

Watu walipotawanyika, Shangazi alimketisha Nashipae kwenye ngazi.

"Jumatatu nitaongeza kumbukumbu ya kuchapisha," alisema. "Lakini hata hivyo, daftari lile halijui jema na baya. Linatunza tulichoandika, basi. Leo lilisema tiketi imetumika, na halikukosea, ila bibi wa watu akaonekana mwongo. Na wewe ulisema Lesian alifunga kompyuta. Hukudanganya, ila yeye akaonekana mwizi. Umenielewa?"

"Nilisema kweli nusu."

"Ulichagua ile nusu iliyokuficha. Ukweli, mwanangu, unautoa wote, hasa kile kipande kinachokuumiza wewe. Hicho hakuna mashine itakayokusemea."

Nashipae alifuta machozi, akaingia ukumbini kusaidia kupanga viti, akianzia upande aliokuwa Lesian.