Chai Isubiri Zamu Yake

Nyumbani kwa Mama Hacer, chai haikauki. Asubuhi, mkate wa mahindi na jibini, kwa chai. Mchana, supu ya maharage na mboga za majani, kwa chai. Jioni tena chai. Mteremko wote, kutoka mlangoni hadi kule chini kwenye Bahari Nyeusi, umejaa michai yao wenyewe.

Asuman, mke wa mwanawe Rasim, alikuwa na mimba ya kwanza. Kliniki walimwambia damu yake ni pungufu. Wakampa vidonge vya madini ya chuma. Alivimeza kila siku, lakini uchovu haukuisha. Siku moja, akichuma chai, kizunguzungu kilimshika. Akaporomoka mteremkoni mpaka mchai mmoja ukamzuia. Rasim alimbeba hadi nyumbani, akilia.

"Acha kulia bwana, sijafa," Asuman alimwambia.

Jirani yao Sevgül, mkunga wa kliniki, akaja mbio. Akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto.

"Mtoto ni mzima. Mama yake ndiye amepauka kama unga. Vidonge unameza kweli?"

"Kila siku."

"Unamezea nini?"

Asuman akashangaa. "Chai. Kwani watu humezea nini?"

Sevgül akashika kichwa. "Lo! Ndiyo maana."

"Chai imekosa nini?" Mama Hacer akafoka. "Mimi nimezaa watano kwa chai hii! Na wewe umesomeshwa kwa chai. Baba yako alikuwa anauza nini, dhahabu?"

"Alikuwa anauza chai, mama. Nami naipenda. Sikuja kuishtaki," Sevgül alisema, akaketi karibu naye. "Unaujua ule ukakasi wa chai nzito unaokaza ulimi? Vitu vinavyouleta vikifika tumboni, hukutana na madini ya chuma ya maharage, ya mboga, hata ya kidonge. Huyang'ang'ania. Madini hayo yanatakiwa kupenya ukuta wa utumbo mwembamba yaingie kwenye damu. Yakishikwa, hayapenyi. Yanatoka na choo."

"Kumbe vidonge vyangu..." Asuman alisema.

"Sehemu kubwa umeitupa chooni, mdogo wangu."

Rasim akauliza, "Na hivyo vitu vya chai vyenyewe huenda wapi?"

"Vichache huingia kwenye damu mapema. Vingi huteremka hadi utumbo mpana. Huko kuna vijidudu visivyodhuru. Huvikatakata vipande vidogo, na vipande hivyo huingia kwenye damu. Ini huvigeuza, figo huvitoa kwa mkojo. Si sumu. Ila chai na chakula visikutane. Kula kwanza. Ngoja saa moja au mbili, ndipo unywe, na mjamzito anywe glasi chache tu. Kidonge kimeze kwa maji. Kamulia limau kwenye maharage, husaidia madini kupenya."

Mama Hacer alimtazama mkwewe, midomo yake isiyo na rangi. Kisha akainuka, akaliondoa birika mezani kwa mikono yake.

"Basi isubiri," alisema. "Haina haraka kuliko mjukuu wangu."

Rasim alilalamika siku za kwanza. Akinyoosha mkono kutafuta glasi, mama yake alimpiga kofi vidoleni. Lakini wiki zilipopita, Asuman alianza kuimba jikoni. Kipimo cha kliniki kikaonyesha damu imepanda. Mavuno ya mwisho yalipoingia, akajifungua salama binti mnene, wakamwita Zümrüt.

Wageni walijaa kumpongeza. Mjomba mmoja alimaliza sahani yake, akatazama huku na huku.

"Jamani, chai iko wapi? Nyumba hii imefilisika?"

"Tulia hapo," Mama Hacer akamjibu. "Maharage yako bado yako safarini. Yakifika, nitakumiminia."

Wakangoja wote, wakipokezana mtoto na kupiga soga. Chai ilipokuja, hakuna aliyekumbuka kwamba imechelewa.