Waridi la Mitwalli

Umekikalia. Usinitazame hivyo. Miaka yote umekalia kiti cha Dumyati, mji wa maseremala huko Misri, ukapapasa waridi lililochongwa mgongoni pake, na hukuuliza hata siku moja ni nani alilichonga. Ukageuza uso.

Inji hakugeuza. Siku ya soko, barabara ya maduka ya samani imefurika, lori la harusi linapita na makochi ya bibi harusi huku vigelegele vikipasua masikio, yeye na koti lake la buluu na mtandio wa njano alipiga magoti vumbini akichungulia chini ya kiti.

"Dada, umedondosha pete?"

"Natafuta jina la aliyekichonga."

"Utalala hapo! La kiwanda liko mbele, kwa dhahabu. Langu halipo popote."

Akainua macho. Kijana mrefu, unga wa mbao mpaka kwenye kope, anacheka.

"Ni wewe?"

"Mitwalli. Usinisifu, njoo tule mshabaki ungali moto."

Wakala kitamutamu hicho cha kukaangwa, asali ikiwachuruzika vidoleni, na mapenzi yakaanzia hapo.

Inji alikuwa mbunifu wa bidhaa za viwandani. Asubuhi alifundisha chuoni. Mchana, kiwandani kwa Haji Basyuni, aliufundisha mkono wa chuma wa kompyuta kukwangua mbao, kazi ambayo vumbi lake lilimmaliza baba yake Mitwalli.

"Nichongee waridi mbele ya kamera, mashine ijifunze mkono wako," alimwomba Mitwalli. "Mashine ifanye kazi ya punda. Petali za mwisho ni zako, na jina lako litachomwa chini ya kila kiti."

"Kwa macho hayo, bibie, hata mlango wa gereza nakuchongea."

Miezi ikapita. Simu ikalia.

"Inji, niko dukani. Waridi langu limejaa humu. Nimegeuza kiti kimoja kimoja. Chini peupe!"

"Mpenzi, jina nililichoma mwenyewe..."

"Usiniite mpenzi! Umeniibia mkono wangu."

Ikakatika.

Inji alikimbilia ghalani, akapindua kiti. Alama za msasa, mbichi kabisa.

"Binti yangu," Haji Basyuni alicheka akitokea mlangoni, "mnunuzi anataka chapa, hataki fundi. Kesho kwenye maonyesho nakutangaza mkuu wa ubunifu. Nyamaza, ule cheo."

Kesho yake Inji alipanda jukwaani na mtandio uleule wa njano, akashika kipaza sauti.

"Wote simameni. Geuzeni viti vyenu!"

Wanafunzi wake wakaanza, wanunuzi wakafuata. Ukumbi mzima ukaona palipofutwa. Nyuma yake, kwenye skrini, mkono wa mtu ukawa unachonga waridi, polepole.

"Mkono huu una mwenyewe. Anaitwa Mitwalli!"

Mafundi wakanguruma. Wanunuzi wakaweka kalamu chini: bila majina, hakuna sahihi. Haji, jasho likimtiririka, akaagiza chuma cha kuchomea majina kiletwe palepale.

Mlangoni alisimama Mitwalli, macho yamemlowa.

"Nilikuja kukutukana."

"Tukana basi, kipaza sauti hiki hapa."

Akapanda jukwaani, akakipokea. "Nisamehe, roho yangu. Ijumaa nakuja na mama kwa baba yako. Samani za nyumba yetu nachonga mwenyewe."

"Mbao zikwanguliwe na mashine, mapafu yako nayataka mazima. Na chini, majina mawili."

Vigelegele vikatikisa bati la ukumbi.

Na wewe, bado umekaa? Inuka. Sasa hivi. Kigeuze. Kama chini peupe, kibebe mpaka ulikokinunua, waulize ni nani, na usitoke dukani bila jina.