Udi Ndani ya Bajaji

Foleni ya gesi pale njiapanda ya Mingoyo ilikuwa imeshikana tangu asubuhi, bajaji nyuma ya bajaji, madereva wamelala vitini miguu ikining'inia nje. Mashine iliyokuwa nzima ni moja tu. Watu walikuwa na hasira hata salamu zikawatoka kwa mkato.

Kudra alipita taratibu katikati yao, ovaroli ya buluu, ushungi mweupe umebanwa vizuri shingoni, mkononi kopo la maji ya sabuni na sifongo. Kazi yake ilikuwa kupaka povu kwenye maungio ya mtungi kabla ya kujazwa. Povu likitulia, unaingia. Likichemka, gesi inavuja, unarudi kwa fundi.

Alipoifikia bajaji ya njano, dereva wake ndiyo kwanza alikuwa anarudi kuswali Ijumaa: kanzu rangi ya maziwa, kofia ya kufuma, ndevu zimechongwa. Aliitwa Abdulatifu, mtu wa Kiranjeranje.

"Assalaam alaykum, dada wa sabuni."

"Waalaykum salaam. Inua kiti."

"Hata jina hujaniuliza!"

"Jina halivuji, kaka. Inua."

Madereva wakacheka. Chini ya valvu povu likatokota kama uji.

"Inavuja. Toka kwenye foleni."

"Wallahi niko hapa tangu asubuhi!"

"Naona. Pole."

"Kitu chenyewe kidogo, kinakwenda hewani. Kinamdhuru nani?"

"Kikikuta cheche, kinakudhuru wewe na abiria wako. Kisipokuta, kinapanda juu. Tumefundishwa hapa: gesi hii ikitoka mbichi, haijaungua, inaipasha dunia joto kuliko huo moshi wa malori. Mama yangu yuko Nyangamara. Mwaka huu ufuta umemwozea shambani, mvua imekuja watu wanavuna."

"Kwa hiyo bajaji yangu ndiyo iliyonyesha Nyangamara?"

"Yako na za wenzako. Toka."

Alitoka akinung'unika. Kesho yake akarudi na nati mpya, povu likatulia, naye akaomba namba ya simu. Kudra akamwambia simu yake ni ya kazi. Lakini kijana alikuwa na subira, na subira humfungulia mtu milango. Akapewa, akawa anapiga kila usiku.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe umekaza nati?"

"Wenzako huuliza, umenikumbuka?"

"Kwani hukunikumbuka?"

"Mpaka nimempeleka mtu hospitali, yeye alisema sokoni."

Kudra alicheka huku amefunika mdomo kwa mtandio, kana kwamba simu ina macho. Haikupita miezi mingi wakakubaliana wazee wa Kiranjeranje waje Jumapili kuleta posa. Kudra akampa chupa ndogo ya mafuta ya udi, ajipake akienda msikitini.

Tangu hapo Abdulatifu hakuonekana tena kwenye zamu ya Kudra. Alijaza jioni, kwa Likwata, mwenzake Kudra ambaye hupima kwa macho. Kudra akadhani ni haya ya mchumba.

Alhamisi, siku tatu kabla ya posa, kijana akaja kumchukua kazini ampeleke nyumbani Lindi. Kudra alikuwa amebadili nguo, gauni la zambarau na mtandio wa maua. Alipoketi tu, udi ukamjaa puani.

"Umemwaga chupa nzima?"

"Nisipokuona, nakunusa."

Binti akatabasamu. Walikwenda vizuri mpaka wakasimama kupisha ng'ombe. Upepo ulipokatika, chini ya udi ikapanda harufu nyingine, kama ya yai viza.

"Zima. Shuka."

Alitoa mkobani kopo la sabuni lenye kifuniko, akainama na gauni lake. Povu likachemka mahali pawili.

"Tangu lini?"

"Kudra, sikiliza. Paipu hii Lindi nzima haipo, naambiwa iagizwe Dar. Gesi inachimbwa kwetu Kilwa, halafu kipande cha paipu nikingoje kutoka Dar es Salaam! Na tajiri anataka bajaji yake itembee. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungenifungia."

"Ndiyo."

"Basi!"

"Nimekupa udi ukaswalie, umeufanya pazia. Mama na mtoto wake wanapanda, wananusa vizuri, wanakushukuru. Hujui wamekalia nini? Unajua! Na mimi ukinioa utanipakia udi juu ya mangapi?"

"Naoa mke au naoa askari?"

 Kudra akabandua stika ya ukaguzi kiooni. Bila stika hakuna atakayemjazia gesi, hata Likwata.

"Jumapili wasije," akasema, akaenda zake kwa miguu.

Simu ililia usiku ule na siku zilizofuata. Aliitazama mpaka ikanyamaza. Kwenye sujudu ndipo alipolia, maana moyo haukuwa umemwacha. Akamwendea msimamizi wa kituo kuulizia paipu. Akaambiwa zimeagizwa. Na mwaka jana waliambiwa zimeagizwa.

Jumatatu ya pili, jua la utosi, bajaji ya njano ikaingia kwenye foleni ikisukumwa kwa mikono. Abdulatifu alikuwa amevaa shati la grisi, amekonda. Akainua kiti mwenyewe.

"Pima."

"Umepata paipu?"

"Ya mtumba. Fundi ameiunga."

Kudra akapaka. Mahali pamoja povu likatulia. Pa pili likaanza kutokota, polepole. Mkono wake ukabaki hewani.

"Sema kwa sauti, wasikie," akasema Abdulatifu.

"Inavuja."

"Mpitishe, mwanangu!" akapaza sauti mzee Eusebio, dereva wa nyuma. "Si mchumba wako huyo?"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Asinipitishe," Abdulatifu akajibu, akaanza kuisukuma kutoka mstarini. Kisha akamwambia Kudra kwa sauti ya chini, "Jana Likwata kaniambia anayo stika nyingine, nije jioni. Nimekataa. Nikasema nitangoja zamu yako, unifungie wewe."

"Na hiyo paipu ikichelewa?"

"Nitakaa bila kazi. Na nitalalamika kila siku, usinikataze."

"Lalamika. Mimi mwenyewe nimechoka kulalamika peke yangu."

Akaweka kopo chini, akakunja mikono ya ovaroli, akaja nyuma ya bajaji na kusukuma. Honi zikalia.

"Dada, foleni! Tumekaa tangu asubuhi!"

"Naona! Poleni!" akajibu bila kugeuka.

Wakaipandisha mpaka barabarani, jasho likiwatoka.

"Wazee wamekasirika?"

"Baba hasemi na mimi. Kanzu alishaipiga pasi."

"Mwambie waje Jumapili hii."

Abdulatifu akasahau kusukuma, bajaji ikataka kurudi nyuma, Kudra akaizuia kwa bega.

"Wallahi, Kudra?"

"Wallahi. Ila waje kwa basi."