Dawa Iliyobaki Kandara

Kila asubuhi, nyumbani kwao Al-Naseem, Riyadh, Hala alitoa insulini ya bibi yake kwenye friji kabla ya kuvaa sare za shule. Mama alimdunga bibi huyo, Bi Mwanakhamis, sindano, kisha wote wakanywa chai. Hala alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliijua vizuri.

Likizo ya mwaka 2014 walifunga safari ya Sudan, kwenye harusi ya mjomba wake Hilal. Walipanda basi hadi Jeddah, wakalala nyumba ya wageni mtaani Kandara. Dawa waliiweka kwenye friji ya chumbani. Asubuhi teksi ilipopiga honi, Hala alikuwa akitazama katuni kwenye simu.

"Hala, dawa umeshaitia mkobani?" mama aliuliza.

"Nimeshaitia, mama," alijibu bila kuinua macho. Alikusudia kuitia katuni ikiisha.

"Yalla, tunachelewa!" mama akaita. Wakateremka mbio, teksi ikawapeleka bandarini.

Meli ya abiria ilipong'oa nanga, mama alifungua mkoba ili amdunge bibi kabla hajala. Akamwaga nguo zote kitini. Dawa haikuwemo. Jeddah ilikuwa inafifia nyuma yao, na hadi bandari ya Suakin zilibaki saa kumi na mbili za bahari.

"Yule mtu aliyetubebea mkoba ngazini," mama alisema, "ndiye peke yake aliyeushika."

Huyo alikuwa Titus, Mkenya wa makamo aliyehudumia abiria. Mkubwa wake alimwita, akampekua mifuko mbele ya watu.

"Madam, nilibeba begi tu," Titus alisema. "Sikufungua."

"Ikionekana kwako, kazi huna," mkubwa alimjibu. Akaamuru vyumba vya wafanyakazi vipekuliwe, na mama akaambiwa asubiri.

Hala alijisogeza nyuma ya kiti cha bibi.

Kufika adhuhuri, bibi alikuwa amemaliza chupa tatu za maji na bado ana kiu. Midomo ilimkauka. Akatapika, kisha akaegemea kiti akihema. Mama alimpepea kwa kanga, machozi yakimtoka. Hala alitazama dirishani: maji matupu pande zote. Hapakuwa na duka wala hospitali, na simu haikushika mtandao.

"Mjukuu wangu, mbona unalia?" bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi, bibi. Dawa sikuitia. Nilisema uongo. Imebaki Kandara, kwenye friji."

Mama hakumgombeza. Hala akaona afadhali angegombezwa.

"Nimemdhulumu mtu," mama alisema. "Nifuate."

Hala alirudia maneno yake mbele ya Titus na mkubwa wake. Mama akaomba radhi.

"Mimi nimesamehe," Titus alisema. "Lakini, mtoto, tangu asubuhi tunatafuta mwizi. Tungejua mapema, tungetafuta dawa."

Yeye mwenyewe akakimbia kumwita muuguzi wa meli. Muuguzi alipima sukari ya bibi, akatikisa kichwa. Insulini hakuwa nayo. Tangazo likatolewa kwa kipaza sauti: mwenye dawa hiyo aje upesi. Dakika tano zikapita. Dakika kumi. Hakuna aliyekuja. Hala alishika mguu wa bibi yake, hana jingine la kufanya.

Ndipo mama mmoja wa Kisudani akapanda ngazi taratibu, mkononi ana kichupa cha insulini, bado cha baridi. Dawa yake ilikuwa ya aina ileile, haijafunguliwa. Muuguzi aliikagua, akamdunga bibi.

Jioni, meli ilipotia nanga Suakin, bibi aliweza kusimama. Daktari wa bandarini alipanda melini, akampima, akasema hatari imepita.

"Kusahau kunampata kila mtu," mama alimwambia Hala. "Neno lako la uongo ndilo lililomwaibisha Titus na kumweka bibi yako hatarini siku nzima. Ukisahau, sema umesahau, palepale, hata kama utagombezwa. Kugombezwa kunaisha."

Hala alimshika bibi yake mkono, wakateremka ngazi polepole.