Pete ya Mkono wa Kushoto

Tramu ya buluu ilijaa pomoni pale kituo cha Sidi Gabir, Iskandaria, na Wagdi, fundi wa miwani, akafanya jambo alilolifanya mara moja kwa mwaka: akampisha mtu kiti. Msichana mwenyewe alivaa koti la manjano na mtandio wa kijani, na kile kiti alikitazama kama kimemwagikiwa maji.

"Karibu ukae, bibie."

"Kaa mwenyewe, ustadhi."

"Nimeinuka kwa ajili yako!"

"Na mimi nimeshukuru. Kaa."

Wakasimama wote wawili mpaka kituo cha Raml, huku kiti kimechukuliwa na mzee mwenye kikapu cha samaki aliyewacheka njia nzima.

Msichana jina lake Ghada, muuza vifungo. Kazi yake ya kusimama, kwa hiyo Wagdi hakushangaa kumwona akinywa juisi ya miwa wima, akila wima. Mapenzi yakamkolea, akamposa, akamvisha pete mkono wa kulia kama wachumba wote wa Iskandaria. Wa kushoto ungengoja ndoa. Aliyenuna ni mama yake Wagdi. Mkwe mtarajiwa alikuja kumsalimia, akakaa dakika mbili, akainuka na kuegemea ukuta hadi chai ikaisha.

"Makochi yangu yana miiba?"

"Mama, ndivyo alivyo."

"Ndivyo alivyo na dharau zake!"

Baridi ilipoingia, Ghada akaadimika. Wagdi akapiga simu.

"Usije, habibi. Niko Tanta kwa shangazi."

"Wiki ya tatu hii! Shangazi amekuajiri?"

Ghada alicheka, lakini nyuma ya kicheko kipaza sauti kikanguruma: "Jamaa wa mgonjwa wa chumba namba tisa, fikeni mapokezi!" Simu ikakatika. Wagdi akavaa viatu. Shangazi gani huyo mwenye kipaza sauti na mapokezi?

Alizunguka hospitali tatu. Katika ya tatu akamkuta kwenye korido, koti la manjano juu ya gauni la wagonjwa. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha akauona mkono wa kulia. Mtupu.

"Pete iko wapi?"

"Kwa mama."

Alikuwa anasubiri kuingizwa kwenye mashine ya sumaku ya kupiga picha za mwili, ambako hata pini ya nywele hairuhusiwi. Sentensi moja ingetosha kumweleza. Ghada akaimeza.

"Ina maana tumeachana?"

"Ukitaka."

"Mimi ndiye nimetaka? Aliyevua pete nani?"

Akaondoka kwa hasira, na kwenye ngazi akapotea, akatokea jikoni.

Siku mbili baadaye mama yake Ghada, Bi Saniya, akampigia kwa kunong'ona.

"Mwanangu, Ghada ana ule ugonjwa."

"Upi?"

"Ule!"

"Bi Saniya, nakuomba, utaje. Nimeshachanganyikiwa vya kutosha."

Mama akavuta pumzi. "Saratani. Uvimbe wa mfupa. Chini kabisa ya uti wa mgongo, pale anapokalia. Daktari anasema wanaoupata ni wachache mno. Lazima autoe mzima, pamoja na kipande cha mfupa, maana ukipasuka ndani, mbegu zake zitatawanyika. Na hapo hapo inapita mishipa ya fahamu ya miguu na ya mkojo. Ghada anaogopa kukufunga kwa mke asiyetembea. Kesho asubuhi wanampasua."

Wagdi akakumbuka kiti cha tramu, akakumbuka ukuta wa mama yake. Aibu ikamchoma.

Upasuaji ulichukua saa kumi na moja. Bi Saniya alikaa, akasali, akasinzia; Wagdi hakukaa. Usiku aliporuhusiwa kuingia, Ghada alikuwa amelazwa ubavu, uso mweupe, na pete inang'aa. Mkono wa kushoto!

"Umeolewa?" Wagdi akaropoka. "Na nani?"

"Wa kulia umevimba kwa dripu," Bi Saniya akasema. "Alivyozinduka tu aliitaka. Nikaitia ilipoingia."

"Ihamishe, mama," Ghada akanong'ona. "Hajasikia yote. Wagdi, wametoa uvimbe mzima. Lakini mguu mmoja siuhisi vizuri. Na mpira wa mkojo... labda maisha."

Wagdi aliogopa, na hakuficha. "Sijui tutaishije, Ghada. Sijui hata pa kuanzia. Ila hiyo pete usiiguse."

"Mjinga wewe. Kaa basi, umesimama kutwa."

"Nitakaa siku utakapokaa."

Walifunga ndoa miezi saba baadaye, nyumbani kwa mama yake Wagdi. Ghada aliingia na mkongojo, gauni jeupe, mfuko wa mkojo ukiwa kwenye kipochi chenye shanga alichokishona mwenyewe. Ulipofika wakati wa kuhamisha pete, wanawake wakajiandaa kupiga vigelegele, wakaona iko kushoto tayari.

"Nani kawaozesha kabla yetu?" mama mkwe akafoka.

"Dripu," Ghada akajibu.

Mama mkwe, aliyekwisha kuelezwa habari za ugonjwa, akafuta macho, akaweka mto mnene kwenye kochi lake zuri na kuupigapiga.

Ghada akamshika Wagdi mkono, akajishusha taratibu, akauma meno, akakaa. Dakika mbili zikapita. Wagdi naye akakaa.