Tonge la Kuonja

Jua lilikuwa linazama nilipobeba kitambaa changu cheupe cha meza na kupanda hadi mtaa wa Gihundwe, kwa Micheline. Kila mwenye wageni mtaani kwetu hunitafuta mimi. Kupanga meza najua, na sijifanyi mnyenyekevu kwa hilo. Lakini kwa Micheline ningekwenda hata bila kuitwa. Tulikua pamoja Bukavu, tukarudi Rwanda pamoja. Alipomzika mumewe, kisha binti yake, nililala kwenye mkeka wake mpaka waombolezaji wakaisha. Sasa amebaki na mwanawe Rukundo peke yake.

"Bageni gani leo, Mama Rukundo?" nilimuuliza jikoni.

"Ba jamaa ya bwana yangu. Banazoea kuja." Hakunitazama.

Nikapanga sahani, nikaleta ugali, sombe ya majani ya muhogo na visamaki vya sambaza vya kukaanga. Nilipoinua macho, wageni walikuwa wamekwisha keti. Wazee watatu, kimya... Mlango sikuusikia. Walinuka udongo uliotoka kuchimbwa.

Nikachukua jagi na beseni niwanawishe. Nikammiminia wa kwanza. Wa pili. Wa tatu...

Nikatazama beseni.

Lilikuwa kavu.

Wageni hawakugusa chakula, walingoja. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni aone hakuna sumu. Micheline akanisogelea.

"Onja weye, Mama Gasaro," alinong'ona. "Mimi niko malade, tumbo inaniuma."

"Lakini nyumba ni yako."

"Nakuomba... juu ya Rukundo."

Rafiki wa utotoni akikuomba hivyo, utafanyaje? Nikakata tonge, nikachovya kwenye sombe, nikameza.

Wote wakanigeukia kwa pamoja.

"Asante, mwenye nyumba," alisema mkubwa wao. "Tutakula kwako."

Nikapepesa macho. Viti vilikuwa vitupu. Chakula kizima, limepungua tonge langu tu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Basi Micheline alipona. Alikaa sakafuni akilia na kushusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Unisamehe. Na mimi balinionjesha hivi. Kila bakikula, banabeba muntu wa nyumba. Hata ukikataa kuonja, banamubeba polepole. Nilibaki na Rukundo tu..."

"Na mimi nina Gasaro tu!"

Akajifunika uso kwa kitenge. Ndugu yangu huyo! Mkeka wake niliulowesha kwa machozi yangu, naye akaniuza kwa tonge la ugali.

Nilikimbia mpaka kwangu Kamembe. Binti yangu Gasaro alikuwa mlangoni, amejawa furaha.

"Maman, bageni bako balishafika! Nilibanawisha mikono, nikabawekea chakula. Lakini banasema habakule kama weye hauyaonja kwanza."

Beseni lilikuwa mezani. Kavu.

Wamekaa mpaka sasa. Sijaonja. Nimemkumbatia Gasaro, na mikono yake imeanza kupoa. Micheline nimemlaani kwa kila jina ninalolijua, na moyo haujatulia.

Mlango unagongwa. Ni Josiane, jirani yangu mwema, ambaye hajawahi kuninyima hata chumvi.

"Mama Gasaro, nimesikia uko na bageni. Nikusaidieko?"

Josiane ana watoto wengi.

"Karibu," nimemjibu. "Ingia, uonjeko sombe."