Hesabu ya Vyumba Vinne

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu Jumamosi hiyo, na muuguzi alisimama kwenye foleni amekumbatia kufuli sita. Alivaa gauni la bluu na viatu vyake vya kazini, maana alitoka zamu moja kwa moja. Nyuma yake alikuwa fundi bomba, mrefu, suruali imejaa madoa ya gundi.

"Kufuli sita, sista? Unafungua jela?"

"Nyumba ya kupangisha. Vyumba sita, wiki ijayo nalipa."

"Mabomba umeyafungua ukaona maji?"

"Sijafungua."

"Sasa unanunua nyumba au picha ya nyumba?"

Muuguzi alicheka bila kutaka. Akiba yake yote ya miaka kumi na moja ya zamu za ziada ilikuwa inaingia kwenye nyumba hiyo, na mtu wa kwanza kumuuliza swali la maana ni huyu asiyemjua. Akampa namba ya simu.

Jumatatu walikwenda pamoja kuikagua. Fundi alifungua kila bomba, kisha akapiga magoti chumba cha sita na kuugusa ukuta kwa kiganja. Rangi ilikuwa mpya kutoka chini mpaka usawa wa goti tu.

"Hapa pana unyevu. Bomba la maji machafu linapita chini ya sakafu. Halafu hesabu yako, mpenzi... samahani, sista."

"Umeshasema. Endelea."

"Umehesabu vyumba sita vina watu mwaka mzima. Hesabu vinne. Mmoja atahama, mwingine atakupiga chenga kila mwisho wa mwezi. Hesabu ya vinne ikikubali, nunua."

Muuguzi alimwomba mwenye nyumba amsubiri kidogo. Wiki mbili zikapita kwa simu na fundi, asubuhi na jioni, na mazungumzo ya mabomba yalikuwa yakipungua siku hadi siku. Alimpenda, na alijiambia hivyo waziwazi.

Kisha dada yake mkubwa, aliyekwisha kuonyeshwa picha ya fundi, akapiga simu.

"Mdogo wangu, huyo fundi wako nimemwona kwenye ile nyumba. Yeye na mwenye nyumba wanapeana mikono! Anakuchelewesha wewe ili aichukue yeye."

Alimpigia fundi papo hapo.

"Leo ulikuwa wapi?"

"Kazini, kipenzi."

"Kazi ipi?"

"Nitakuambia Jumamosi."

Alikata simu, akaizuia namba yake. Ilimuuma. Hakujua kinachomuuma zaidi ni nyumba au ni fundi, na hilo likamzidishia hasira.

Jumamosi alikwenda mwenyewe kumkabili mwenye nyumba. Alikuta sakafu ya chumba cha sita imefukuliwa, fundi yuko shimoni, tope mpaka kwenye viwiko. Mwenye nyumba alikaa kwenye kiti, amenuna.

"Fundi wako mgumu," alilalamika. "Amenibana mpaka nikampa mkono kwamba bomba nalilipia mimi."

Muuguzi aliinamia shimo. "Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nifukue kwanza. Ningekuta limeoza lote, ningekuambia uachane nayo. Sikutaka kukupa moyo kwa kubahatisha."

"Na umekuta nini?"

"Mita tatu tu. Nyumba inanunulika. Lakini bado hesabu vinne."

"Cha sita hakimo kwenye hesabu kabisa. Hakipangishwi."

"Kwa nini?"

Muuguzi alitoa kufuli moja kwenye mkoba, akachomoa ufunguo mmoja na kumnyooshea.

"Wapangaji wataniita mama mwenye nyumba. Wakiuliza baba mwenye nyumba yuko wapi, nijibu nini?"

Fundi aliutazama ufunguo, akaitazama mikono yake, akaifuta kwenye suruali. Haikusaidia kitu. Akaupokea hivyohivyo.

"Waambie anamalizia bomba, anakuja."

"Akimaliza aoge," alisema muuguzi. "Dada yangu ana deni la kumwomba radhi."